Nani Hulihukumu Sinki? Habari za Majiko ya Ruiru

Mtu atakaye kuandika tarehe ya mji wa Ruiru aghalabu huanzia kwenye reli, akapita kwenye kahawa, akaishia kwenye barabara kuu ya Thika na majumba ya ghorofa yaliyoota kandokando yake. Wala hakosei kufanya hivyo, kwa kuwa vitu hivyo vitatu ndivyo vilivyoufanya mji uwe mji. Lakini kiko chombo kimoja kinyonge, kisicho na wa kukisifu, ambacho kimeishi katika zama zote hizo, kikapokea makombo ya kila tabaka la watu waliopita hapo, na ambacho kila kilipong'olewa mahali pake na kuwekwa kingine palikuwa na badiliko la milki, au la maji, au la heshima ya mtu mbele ya watu wake. Chombo hicho ni sinki la jikoni. Azma yangu ni kueleza jinsi watu wa Ruiru, zama kwa zama, walivyoamua kwamba sinki kuukuu limefika mwisho wa umri wake. Na dai langu, ambalo nalisema mapema ili msomaji asipate taabu ya kulitafuta, ni kwamba mara chache sana hukumu hiyo ilitolewa na mikono iliyokuwa ikiosha vyombo ndani yake.

Haikuwa hivyo tangu awali. Kabla ya ardhi ya miteremko ya Kiambu kupimwa na kuandikiwa hati kwa majina ya wageni, jiko la Mkikuyu lilikuwa ndani ya nyumba ya mwanamke, na kila kilichokuwamo kilikuwa chini ya amri yake: mafiga, chungu cha udongo, mwiko, na vibuyu vya ukubwa mbalimbali. Maji yaliteremkiwa mtoni yakapandishwa mgongoni kwa ukanda wa ngozi upitao kwenye paji la uso, na mtu aliyepanda mlima na mzigo wa namna hiyo hamwagi tone pasipo sababu; vyombo vilisuguliwa kwa majivu, vikasuuzwa kwa maji kidogo, na yale yaliyobaki yakapewa mbuzi au mgomba. Kibuyu kilipopasuka kilishonwa, na kiliposhoneka mara nyingi hata kikawa hakishiki tena maji, kiligeuzwa kuwa chombo cha nafaka. Mwenye kutumia ndiye aliyekuwa mwenye kuamua, wala hapakuhitajika shauri la mtu mwingine.

Wala chombo cha maji kilichojengwa pamoja na nyumba hakikuwa kitu kigeni katika upande huu wa Afrika, ijapokuwa wako wadhaniao kwamba kililetwa na Mzungu. Katika nyumba za mawe za Lamu lilikuwako birika la chokaa, na chini yake likapachikwa bakuli la kauri ya Kichina ambamo maji yalibaki hata birika likikauka, ili visamaki vilivyofugwa humo kwa kula viluwiluwi vya mbu visife. Huo ulikuwa ustadi wa watu waliofikiri sana juu ya maji ya nyumbani. Ila Ruiru haikupata sinki lake kutoka Lamu. Ililipata kutoka Uingereza, na lilikuja kwa sababu ya kahawa.

Kahawa ya nyanda hizi ni kahawa ya kuoshwa, na hapa sina budi kukaa kidogo, kwa kuwa jambo hili halitajwi inavyostahili. Tunda jekundu likishachumwa hupitishwa katika mashine ya kumenyea, kisha buni hulazwa ndani ya matangi ili utelezi ulioishika uchache na kulegea. Baadaye huoshwa katika mifereji mirefu ya saruji kwa maji mengi yaendayo mbio, zile nzito zikazama na zile hafifu zikaelea, na pengine hulowekwa tena katika maji safi kabla ya kutandazwa juani juu ya vitanda vya waya. Kazi hiyo yahitaji mto, na ndiyo sababu mashamba ya mwanzo yalijipanga kwenye kingo za Ruiru, Kamiti, Ndarugu na Thika. Basi karo kubwa za saruji za nyanda hizi zilijengwa kwa ajili ya buni. Nyufa zilipotokea katika tangi la kiwanda, fundi aliitwa siku ile ile, kwa kuwa buni iliyolazwa kupita kiasi huharibika harufu na bei yake huanguka mnadani. Mfanyakazi aliyeshinda kutwa akisukuma buni katika maji safi alirudi jioni kwenye safu za vibanda vya wafanyakazi, ambako palikuwa na mfereji mmoja kwa watu wengi, au hapakuwa na mfereji bali njia ya kuteremkia mto, na sufuria yake akaioshea chini juu ya jiwe. Sisemi haya kwa kutaka kumliza mtu. Nasema ili ionekane mapema kanuni itakayotuongoza hata mwisho wa habari hii, kwamba upesi wa kutengeneza karo hufuata hasara ya mwenye kauli, si taabu ya mwenye kuitumia.

Reli ilifika Thika mwaka 1913, na kwa njia hiyo vitu vizito vikaanza kuingia mashambani pasipo kungoja gari la ng'ombe. Miongoni mwake lilikuwamo sinki jeupe la udongo mzito wa kuchomwa, lililofinyangwa katika viwanda vya Staffordshire au vya Barrhead huko Scotland, likafungwa ndani ya majani makavu na sanduku la mbao, likapakuliwa Mombasa, likasafiri hadi nyanda za juu. Lilikuwa na kina kirefu na kuta nene, na zito hata halikuweza kuinuliwa na mtu mmoja; uso wake ulipakwa ngozi nyeupe ya kioo iliyoyeyushwa tanuruni. Liliwekwa juu ya nguzo mbili za matofali katika jiko ambalo, kwa desturi ya nyumba za walowezi, lilikuwa jengo la nyuma, mbali kidogo na nyumba kubwa, ili moshi, moto na harufu visiwafikie waliokaa barazani.

Katika jiko hilo sinki lilikuwa na watu wawili wenye kulijua. Wa kwanza alikuwa mpishi, na wa pili kijana wa kumsaidia, aliyeitwa toto hata alipokuwa ameota ndevu. Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, alipofika mwaka 1909 akakaribishwa na mlowezi McMillan katika shamba lake la Juja, jirani na Ruiru, magazeti na vitabu vilieleza wanyama waliopigwa risasi. Lakini wageni wa namna hiyo hula, na sahani haziendi kabatini kwa hiari yake, na hakuna aliyeandika habari za waliosimama kwenye maji ya mafuta usiku. Watu hao ndio waliojua kwamba sinki la kauri halifi kwa siku moja. Maji yaliyochemshwa juu ya jiko la kuni yakamwagwa ghafula kutoka kwenye debe, asubuhi ya baridi ya mwezi wa Julai, huishtua ile ngozi ya kioo hata ikafanya nyufa nyembamba zisizoonekana ila kwa jicho lililozikaribia. Kisha chai hupenya katika nyufa hizo ikazichora rangi ya kahawia. Kisha mafuta nayo hupenya, yakaoza ndani ya udongo ulio chini yake, na harufu ikatoka ambayo sabuni haiitoi wala majivu hayaitoi. Mpishi aliijua harufu hiyo miaka mingi kabla ya bibi wa nyumba kuliona doa. Lakini hakuulizwa. Bibi aliingia jikoni kutoa posho ya sukari na unga, akatazama weupe, na weupe ulipopungua aliamrisha lisuguliwe kwa nguvu zaidi, jambo ambalo liliimaliza ngozi iliyokuwa imebaki. Na kikombe kilichopasuka kwa kugonga udongo ule mgumu aghalabu kilihesabiwa katika mshahara wa aliyekishika.

Nimesema sinki hubadilishwa kwa badiliko la milki. Nyumba nyingi za mashamba zilikaa na sinki lake la kwanza hata shamba liliponunuliwa na mtu mwingine, na mnunuzi, kwa kutaka kuonyesha kwamba utawala mpya umeingia, alianza na jiko. Lile la kale, likiwa na nguvu za kuishi miaka mingine hamsini, lilitupwa uani. Hata leo, katika viwanja vya mashamba yale, msomaji mwenye macho ataweza kuliona moja limeegemezwa ukutani likinywesha bata, halina ila yoyote isipokuwa kwamba alikuja bwana mwingine.

Sasa na tutazame maji, kwa kuwa yapo mambo ya ajabu katika tarehe ya maji ya Ruiru. Katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20 umeme wa kwanza wa nguvu za maji ulioangaza Nairobi ulitolewa kwenye mto Ruiru. Baadaye bwawa la Ruiru likajengwa huko juu milimani, na maji yake yakapelekwa kwa bomba hadi Kabete kusafishwa, na kutoka hapo yakagawiwa mji mkuu. Hivyo mto wa Ruiru ulikuwa ukitiririka ndani ya masinki ya Nairobi, katika mitaa iliyotengwa kwa watu wenye rangi fulani, ilhali mji uliobeba jina la mto huo ulikuwa bado ni kituo cha reli, maduka machache ya Wahindi, na safu za vibanda. Baada yake lilikuja bwawa la Sasumua katika miaka ya 1950, na la Ndakaini, juu ya mto Thika, mwaka 1994. Yote mawili yalifuata mwendo ule ule wa kuyachukua maji ya milima na kuyapitisha kandokando ya watu wa chini yake. Mtu wa Ruiru ambaye hana maji mferejini hana haja ya kufunzwa siasa ya jambo hili. Yatosha kumwonyesha njia ya bomba.

Miaka ya Hali ya Hatari nitaipitia upesi, si kwa kuidharau bali kwa kuwa jikoni mwake hamna mengi ya kueleza ila uchungu. Kuanzia mwaka 1954 watu wa Kiambu, pamoja na Wakikuyu wenzao wa wilaya nyingine, walikusanywa kwa nguvu katika vijiji vilivyozungukwa na mahandaki, jumla yao ikapita milioni moja, na mwanamke aliyekuwa na njia yake ya mtoni alipewa saa za kwenda na saa za kurudi chini ya ulinzi. Jiko alilokuwa akilitawala liliteketezwa pamoja na nyumba yake.

Baada ya uhuru wa mwaka 1963 mashamba yalianza kuuzwa. Watu wasio na fedha nyingi walichanga, wakanunua hisa katika kampuni za kununua ardhi, na mashamba makubwa ya Ruiru, mengine ya kahawa, mengine ya mkonge na malisho, yakakatwa vipande vidogo kwa kura. Vikundi vya wanawake vya mabati, ambavyo vilienea katika mkoa wa kati kwa kuchangiana mabati ya paa moja baada ya jingine, vilifanya jambo lenye athari kubwa kuliko sifa lililopata, kwa kuwa paa la bati hukinga mvua, na mvua iliyokingwa ndani ya tangi ni maji ya nyumbani yasiyodaiwa na mtu. Hapo ndipo nyumba ya mwananchi wa kawaida ilipoanza kuweza kuwa na sinki, na sinki lililoingia humo halikutoka Staffordshire. Lilikuwa la terazo.

Terazo ni ustadi uliotoka upande wa Venice, ukaenea ulimwenguni, na katika Kenya ulishikwa kwanza na makandarasi wa Kihindi na mafundi wao, kisha ukaingia katika mikono ya vijana wa Kiafrika waliokuwa wakiwachanganyia saruji. Fundi hutengeneza kalibu ya mbao mahali pale pale sinki litakapokaa, akasuka wavu wa chuma, akamwaga saruji iliyochanganywa na vipande vya marumaru, vyeupe, vyeusi, au vya rangi ya damu ya mzee. Akangoja ikauke, kisha akaanza kazi ya kusugua kwa jiwe gumu na maji, siku nzima na pengine ya pili, hata vipande vikatokeza uso wake na mkono ukapita juu yake pasipo kukwaruzwa. Meza ya kukatia, ubao wa mitaro ya kuchujia vyombo, na bakuli lenyewe, vyote huwa mwili mmoja na ukuta. Kwa maoni yangu hili ndilo sinki lenye adabu kuliko yote yaliyowahi kuingia Ruiru: halina makelele sufuria ikiangushwa, halitikisiki, halioni haya kusuguliwa kwa mchanga, na lilitengenezwa na mtu ambaye mwenye nyumba aliweza kumwita kwa jina lake. Ndugu yake wa uani, lile karo pana la kufulia liitwalo sinki la dobi, ndilo hadi leo jambo la kwanza ambalo mama mwenye akili hulitazama akionyeshwa nyumba.

Lakini kwa sababu ni mwili mmoja na nyumba, hukumu ya kuliondoa ni hukumu ya kubomoa. Ndiyo maana watu walilivumilia mno. Marumaru haipatani na uchachu. Ndimu iliyokamuliwa na kusahauliwa, au siki ya achari, huila polepole, na pale palipolika pakawa kama msasa panashika ugali na mafuta. Hayo si kifo bado, kwa kuwa fundi aweza kusugua upya na kuziba vishimo kwa uji wa saruji. Kifo cha terazo kimo ndani, katika ule wavu wa chuma: maji yakishaufikia, chuma hushika kutu, na kutu huhitaji nafasi kubwa kuliko chuma, basi hufura na kuipasua saruji kutoka ndani kwenda nje. Ukiuona ufa wenye ukingo wa rangi ya kutu, na upande wa pili wa ukuta rangi imebambuka na kuota unyevu, hapo mafundi husema sinki limekwisha, na kadiri nionavyo huwa wanasema kweli. Ukiuona ufa mkavu usio na rangi, nawe fundi akakuambia lazima livunjwe, uliza kwanza kama hana sinki la kukuuzia.

Sasa msomaji arudi nami mwaka 1913. Mwaka ule ule ambao garimoshi lilifika Thika, katika mji wa Sheffield, Harry Brearley, mtaalamu wa madini aliyekuwa akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki kisicholika upesi, alipata chuma kilichochanganywa na kromiamu karibu asilimia 12.8, akaona kwamba kinakataa kushika kutu. Mitutu haikufaidi sana. Visu na masinki vilifaidi. Chuma hicho kilikawia kufika katika majiko ya watu wa kawaida wa Ruiru, lakini kilipofika kilikuja kwa mafuriko, pamoja na barabara. Barabara kuu ya Thika ilipanuliwa na kufunguliwa rasmi mwaka 2012. Hesabu ya watu ya mwaka 2009 iliikuta Ruiru na watu wapatao 238,000, na ile ya 2019 ikaikuta na watu wapatao 490,000. Watu hao hawakuweza kungoja mafundi wa terazo wasugue siku mbili kwa kila jiko. Ghorofa za mawe ya Ndarugu zilipanda katika Kimbo, Gwa Kairu, Kahawa Wendani na kwingineko, kila moja ikiwa na nyumba ishirini au arobaini, na kila nyumba ikiwa na sinki moja la bati jembamba la chuma kisichoshika kutu, lililokatwa, likakandamizwa kiwandani, na kupachikwa juu ya kabati la mbao za kubandika kwa muda usiozidi asubuhi moja.

Yapo masinki mazuri ya chuma na yapo ya kudanganyia. Lililo bora lina kromiamu asilimia 18 na nikeli asilimia 8, na unene wa kutosha kuyanyamazisha maji yanayoanguka, sumaku hailing'ang'anii. Lililo duni limepunguziwa nikeli, jembamba hata likibonyezwa kwa kidole gumba hulia, na ndilo ambalo mwenye ploti hulinunua kwa jumla. Si kweli kwamba chuma hicho hakishiki kutu kabisa: chumvi iliyoachwa ndani yake usiku kucha, au dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, hutoboa vishimo vidogo mno, na sufi ya chuma ya kusugulia huacha chembe zake ambazo hushika kutu badala yake na kulisingizia sinki lisilo na hatia. Wengi wamelihukumu sinki kwa ushahidi wa uongo wa namna hii, ilhali kitambaa na soda ya kuokea vingalitosha kulitakasa.

Fundi mmoja mzee wa maeneo ya stesheni aliitwa na mama mmoja mjane, mwenye nyumba ya vyumba vitatu, naye akafungua kabati, akapiga magoti, akatia mkono gizani bila ya kusema neno.

"Fundi, limeisha?" mama akauliza.

"Mama, sinki halijaisha. Kilichoisha ni kilicho chini yake."

Maneno hayo mawili yanabeba elimu yote ya kazi yake. Huko chini mna mpira wa tundu la kutolea maji, ambao hukauka na kupasuka. Mna trapu, lile bomba lililopinda ambalo hushika maji kidogo ili kuzuia uvundo wa shimo usipande, kwa fikira iliyoandikiwa hati na Alexander Cumming huko London mwaka 1775. Na mna sakafu ya kabati, ambayo ikinywa maji hufura na kulegea hata bakuli likainama upande mmoja na maji yakawa hayaendi tundu. Mwenye kusimama juu huona sinki linavuja, linanuka, limeinama, akasema sinki limekuwa kuukuu. Na mara nyingi mpira wa bei ya mkate ungaliliongezea umri wa miaka. Wakulima wa kahawa wa hapa wanalielewa jambo hili kuliko wenye majumba. Mibuni ya SL28, iliyochaguliwa katika maabara ya Scott miaka ya 1930, ilipoonekana kushindwa na ugonjwa wa buni, watafiti wa kahawa wa Ruiru walitoa mbegu iitwayo Ruiru 11 mwaka 1985, na Batian mwaka 2010. Lakini mkulima mwenye busara hakung'oa mibuni yake mizee. Alikata shina, akapachika kikonyo cha mbegu mpya juu ya mizizi ya kale, kwa kuwa alijua ni sehemu gani ya mti iliyochoka na ni sehemu gani iliyokuwa bado na nguvu. Jikoni mambo yamepinduka: hutupwa kilichokuwa kizima juu, kikaachwa kilichooza chini.

Sababu ya upinduzi huo, kama nilivyodai, ni kwamba mwenye kuamua hasimami hapo. Mpangaji wa ghorofa ya nne hukaa mwaka mmoja au miwili. Akiona kabati limelowa hunyamaza, kwa kuwa akisema ataambiwa ni yeye aliyelilowesha, na amana yake itahesabiwa. Msimamizi wa ploti huweka kopo chini ya trapu. Mwenye ploti, anayekaa mbali, hupata habari siku ya mpangaji kuhama, na siku hiyo, pamoja na rangi mpya ya ukutani, hununua sinki jipya jembamba kuliko la kwanza, akaliweka juu ya kabati lile lile lililooza na trapu ile ile. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya nyumba inayofaa yenye usafi wa kuridhisha, na ya maji safi ya kutosha. Ni maneno mazuri, na laiti wenye ploti wangeyasoma wakiwa wamepiga magoti mbele ya kabati.

Liko pia jambo la ardhi. Magharibi ya barabara udongo ni mwekundu na hunywa maji. Mashariki, kuelekea nyika, upo udongo mweusi wa mfinyanzi ambao hufura wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi, na ambao hauyanywi maji ya shimo ila kwa shida. Mabomba ya majitaka yalikuja nyuma ya majumba, na hayajafika kila mahali. Basi kila mwezi wa Aprili, sinki la nyumba ya chini hukataa kuteremsha maji, likarudisha povu la jirani wa juu, na mtu akanunua jipya, ambalo nalo likarudisha povu lile lile, hata lori la kunyonya maji machafu likaja na kuthibitisha kwamba mashtaka yalikuwa ya shimo. Na wakati wa mgao wa maji hutokea kinyume chake: mfereji hukauka wiki nzima, muuza maji hupandisha mitungi ngazi kwa ngazi, na beseni la plastiki huwekwa ndani ya sinki likawa ndilo sinki. Masinki ya nyumba hizo hudumu sana.

Katika miaka hii wameongezeka wanawake wa Ruiru wanaojenga nyumba zao wenyewe, kwa mkopo wa chama au kwa fedha za biashara, na katika viwanja vyao utaratibu wa kale umeanza kurudi, kwamba anayeosha ndiye anayeamua. Hao humwambia fundi kimo cha sinki kabla ya kumwambia rangi ya mlango. Humtaka aache nafasi ya kufikia trapu bila ya kubomoa. Hulipa zaidi kwa unene wa chuma na hupunguza kwenye mapambo. Si kwamba hawakosei. Wengi sasa wamependa masinki meusi ya mawe ya kusagwa na gundi, ambayo dukani hupendeza kweli, na ambayo chini ya maji ya kisima cha kuchimbwa yenye chumvi hufanya madoa meupe kila yakikaushwa na hewa, hata mwenyewe akawa anafuta sinki mara nyingi kuliko anavyoosha sahani. Nimesikia wawili wao wakibishana juu ya jambo hilo katika duka la vifaa vya ujenzi, mmoja akiwa amekuja kununua la aina hiyo na mwingine akiwa amekuja kuulizia la chuma la kubadilisha lake, na muuzaji amekaa kimya katikati yao, kwa kuwa yote mawili alikuwa nayo.